Tupeane uzoefu: Ulirudije kwenye mbio ndefu baada ya kuumia unyayo?

#1
Wakuu salaam. Mwezi wa tano huu sijasimama kwenye mstari wa kuanzia. Nilipata ufa kwenye mfupa wa pili wa unyayo, ule unaoelekea kidole cha jirani na dole gumba. Ulianza kama kidonda cha ndani, hakizidi sarafu, juu ya mguu. Nikawa naruka tundu moja la kamba za raba ili zisipabane pale, mbio zinaendelea. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, nikajiona mjanja. Wiki tatu baadaye nikapigwa nyingine, mfupa mpya uliokuwa unaziba ufa ukaonekana kabisa. Buti la hospitali wiki sita.

Sasa nimeruhusiwa kukimbia, na nusu marathoni niliyojiandikisha imebaki wiki tisa. Mliopitia haya mlirudije? Ya vitabuni nimeshasoma, nataka yaliyowakuta wenyewe.

#2
Pole mkuu. Mimi nilirudi vibaya, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Ufa kama wako. Muda wote wa kupumzika nilishinda kwenye bwawa na baiskeli ya mazoezi, pumzi haikwenda popote. Siku niliyoruhusiwa nikajiona mwepesi, nikala kilomita 8. Wiki iliyofuata 12. Wiki ya tatu niko mbele ya daktari yule yule, nafungwa buti lile lile, na hakunigombeza hata kidogo, jambo lililoniuma kuliko mguu. Kifua hurudi kwa wiki chache, mfupa unataka miezi, na kifua ndicho chenye mdomo.

Mara ya pili nilianza na dakika 1 kukimbia, 4 kutembea, narudia mara sita. Kesho yake sikimbii, nasikilizia. Nikiamka asubuhi pale pakibonyezwa pako kimya, mara ijayo naongeza dakika ya kukimbia napunguza ya kutembea. Pakilalamika, narudi nyuma hatua moja. Unapitwa na watoto wanaocheza, unameza. Ilinichukua wiki tano kufika nusu saa bila kutembea. Sasa piga hesabu zako: wiki tisa, kilomita 21? Mimi ningehamia mbio ya kilomita 10.

#3
Yangu ilikuwa utando wa chini ya unyayo, kwenye kisigino. Hatua ya kwanza kutoka kitandani ni kama kukanyaga msumari, ukishatembea kidogo unapoa, unajidanganya umepona. Barafu ilinituliza, haikuniponya.

Kilichonisaidia ni ngazi. Unakunja taulo unaliweka chini ya vidole ili viinuke, kisigino kinaning'inia nje ya kidato, mguu mmoja tu. Sekunde 3 kupanda, 2 kukaa juu, 3 kushuka. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ilipokuwa rahisi nikavaa begi la vitabu mgongoni. Nilifanya miezi mitatu, na mwezi wa kwanza nilitaka kuacha kwa sababu sikuona tofauti yoyote. Mbio sikuacha kabisa, nilipunguza, kwa sharti kwamba maumivu yasizidi 3 kati ya 10 na yawe yametulia kesho yake.

Lakini #1 usiichukue hiyo ya 3 kati ya 10. Hiyo ni ya utando. Ufa wa mfupa ukiuma hata kidogo, simama.

#4
Kimbieni pekupeku tu wakuu, miguu inakaza yenyewe. Mimi sijawahi kuumia.

#5
#4 hujawahi kuumia, sasa uzoefu gani umekuja kutupa? 😂

Mimi ni mwanamke, nyufa mbili ndani ya mwaka mmoja, mguu wa kushoto kisha wa kulia. Mara ya pili daktari hakuanza na mguu, aliniuliza hedhi ya mwisho niliona lini. Miezi saba. Tena nilikuwa nafurahia, nikidhani ndiyo mwili wa mkimbiaji. Kumbe nilikuwa nakula kidogo kuliko ninachotumia, homoni zimeshuka, mifupa haijengwi. Kwa hiyo kurudi kwangu kulianzia mezani. Nimeongeza kilo nne na muda wangu wa kilomita 10 ni mzuri kuliko nilipokuwa mwembamba. Na akina kaka msijitoe hapo, mkila kidogo nanyi homoni zinashuka, hamu ya chumbani inapotea, mnasingizia uchovu.

#6
Nyongeza fupi. Anayeumwa juu ya mguu pale katikati, karibu na kifundo, asijipe ushauri mwenyewe. Mfupa wa pale, navikula, unafikiwa na damu kidogo. Mimi nilitiwa skrubu nikaishi na magongo. Kilichonishikilia ni habari ya Deena Kastor wa Marekani: alivunjika mfupa wa mguu kwenye marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, na mwaka 2015 akiwa na miaka 42 akamaliza Chicago kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 47.

Mbio yangu ya kwanza niliikimbia nimeinama, nakagua kila kokoto. Shingo iliniuma siku mbili, mguu hata!

#1
Mrejesho wakuu. Nilihamia kilomita 10 kama #2 alivyosema. Wiki moja kabla nilijipima kwa kurukaruka kwa mguu ule mmoja, mara kumi, kimya. Saa niliiacha nyumbani, nikaanza nyuma kabisa ya watu.

Kilomita ya 7 mguu ukaanza kuuma. Nilitoka pembeni mikono inatetemeka, nikavua raba, nikabonyeza pale pa zamani. Hakuna kitu. Kilichouma ni ncha za vidole, vilikuwa vinateleza vinagonga mbele ya raba. Nikaitazama raba: lile tundu moja nilikuwa bado naliruka. Miezi yote hii mkono unafunga hivyo wenyewe.

Nikapitisha kamba tundu zote, nikamalizia zilizobaki.