Altrasaundi haikuona jiwe, daktari bado anataka CT scan. Nikapige au nikaushe?

Mtu wa Rangi Tatu
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 38, naishi Mbagala, shughuli zangu ziko Kariakoo. Juzi kati nilibanwa na maumivu ubavuni kushoto, kwa nyuma chini ya mbavu, yakawa yanashuka mpaka kwenye kinena na korodani. Nikilala hapafai, nikisimama hapafai, nikatapika. Nikakimbizwa hospitali, wakanichoma sindano, yakatulia.

Kesho yake nikapimwa altrasaundi. Majibu: figo ya kushoto imetanuka kiasi, ya kulia iko sawa, kibofu hakina shida, hakuna jiwe lililoonekana. Mkojo ukakutwa na damu ambayo kwa macho huioni. Daktari akaandika CT scan. Nimeuliza dirishani, laki mbili na ushee, na bima sina.

Sasa kama jiwe halipo, wanatafuta nini tena? Maumivu yameisha, nabeba mizigo kama kawaida. Shemeji anasema hapo natafutiwa hela tu. Mwenye uelewa anisaidie, matusi pembeni.

Kidume wa Tandale
Shemeji yako kaona mbali. Chemsha mizizi ya mpapai dume, glasi asubuhi na jioni, maji lita tano kwa siku. Jiwe linayeyuka lenyewe. Hiyo laki mbili nunua mzigo.

mama_wawili
Kidume, mwenzio ana figo iliyotanuka, wewe unampa mizizi na lita tano za maji? Hayo maji yatatokea wapi kama njia imeziba? Kaka, subiri wanaojua.

Eksirei Mstaafu
Mdogo wangu wa Rangi Tatu, nimekaa kwenye vyumba vya picha tangu enzi za kuanika filamu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Soma hayo majibu yako tena. Hawakusema jiwe halipo. Wamesema halikuonekana. Kati ya figo na kibofu kuna mrija, wenyewe wanauita ureta. Kila figo ina wa kwake, urefu wake sentimita 25 hadi 30, upana milimita 3 au 4 tu. Unashuka kwa nyuma kabisa ya tumbo, juu ya msuli wa kiuno, na mbele yake kuna utumbo uliojaa gesi. Mawimbi ya altrasaundi hayapiti kwenye gesi. Anayekupima anaiona figo vizuri, anaona kibofu kama kimejaa mkojo, akibahatika anaona kipande cha juu na kipande cha chini cha mrija. Pale katikati anabahatisha. Ndiyo maana akaandika alichokiona kwa uhakika: figo imetanuka. Na figo ya upande mmoja kutanuka ghafla kwa mtu aliyetoka kupata maumivu kama yako, mara nyingi ina maana huko chini kuna kitu kimekaa njiani.

Mkojo hauteremki kwa uzito wake, ndiyo maana hata ukilala unafika kibofuni. Ukuta wa mrija una misuli, inajibana kuanzia juu kwenda chini, mara chache kila dakika, kama mtoto anavyokamua askirimu ya mfuko. Jiwe likikwama, juu yake mkojo unajaa, mrija na figo vinavutika, misuli inazidi kujibana. Maumivu yale yanayokuja kwa mawimbi yanatoka hapo. Na yanashuka kwenye korodani kwa sababu neva za maeneo hayo zinaingia kwenye uti wa mgongo karibu karibu, ubongo unashindwa kutofautisha.

Jiwe lina vituo vitatu linavyopenda kukwama: pale figo inapoishia na mrija kuanza, pale mrija unapokatiza juu ya mishipa mikubwa ya damu kuingia kwenye nyonga, na pale unapopenya ukuta wa kibofu. Hapo mwisho ndipo pembamba kuliko pote. Tena unapenya kwa mshazari, ili kibofu kikijaa kiubane, mkojo usirudi juu. Mpango mzuri sana huo, mpaka siku una jiwe.

CT ya kutafuta mawe haihitaji dawa ya mshipani, ile ya kung'arisha picha. Unalala, mashine inapita, dakika chache umemaliza. Inaona karibu mawe yote, na inasema jiwe lina milimita ngapi na limekaa wapi. Hicho ndicho daktari anachotaka. Chini ya milimita 5 mengi yanatoka yenyewe, unapewa dawa ya maumivu na kusubiri. Likizidi 10 usitegemee litoke bila kusaidiwa. Eksirei ya kawaida ni rahisi kweli, ila mawe yatokanayo na asidi ya yuriki hayaonekani humo kabisa.

Kidume wa Tandale
Mzee umeandika sana, lakini mwenyewe kasema maumivu yameisha. Si limetoka?

Eksirei Mstaafu
Inawezekana limetoka. Inawezekana pia bado limekaa. Figo ikizibwa muda, maumivu huwa yanapoa, watu wanajua wamepona, kumbe inaharibika kimya kimya. Mrija ukiziba kabisa, wiki chache tu zinatosha kuacha madhara ya kudumu.

Rangi Tatu, ukisikia homa na kutetemeka, au mkojo umegoma, usisubiri CT wala jibu la humu. Nenda siku hiyo hiyo, hata saa nane usiku. Mkojo uliozibwa ukiingia vijidudu unaua.

Dogo Janja wa Gongo la Mboto
Naongezea. Kaka yangu aliwekewa stenti, ule mpira mwembamba uliojikunja ncha zote mbili, moja figoni moja kibofuni. Akaona yuko poa, hakurudi kutolewa. Alipokuja kurudi, ulikuwa umeganda mawe pande zote, ikawa kazi kubwa kuliko ya kwanza. Ukiwekewa, andika tarehe ya kutoa ukutani.

mama_wawili
Mzee, nje ya mada kidogo. Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, naye kaambiwa figo ya kulia imetanuka. Naye CT?

Eksirei Mstaafu
Hapana, mwanangu, asikimbilie huko. Kwa wajawazito figo kutanuka ni jambo la kawaida, hasa ya kulia. Wanaanza na altrasaundi, ikibidi sana MRI, mashine ya sumaku isiyo na mionzi. Ila kama ana homa au maumivu makali, arudi kliniki leo. Na lako moja, Rangi Tatu: umekulia wapi?

Mtu wa Rangi Tatu
Kwimba, mzee. Kwa nini?

Eksirei Mstaafu
Mlikuwa mnaoga kwenye malambo?

Mtu wa Rangi Tatu
Kila siku. Ng'ombe wanakunywa huku, sisi tunaogelea huku. Wavulana wengi tulikuwa tunakojoa damu, tulijua ndiyo ukubwa.

Eksirei Mstaafu
Basi hilo ni kichocho, na hukumwambia daktari maana hakukuuliza. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya kuzunguka kibofu. Mayai yanaingia kwenye ukuta wa kibofu na sehemu ya chini ya ureta, yanaacha makovu, mengine yanakauka na kuwa kama chokaa. Miaka ikipita mrija unasinyaa. Prazikwanteli inaua minyoo, kovu la zamani haliondoi.

Sisemi ndicho kinachokusumbua sasa, maumivu yako yanafanana zaidi na jiwe. Lakini maelezo haya yanaweza kubadilisha kipimo. CT ya mawe haiwekewi dawa, na bila dawa mrija uliosinyaa hauonekani vizuri. Kutafuta msinyao kunahitaji dawa ya mshipani yenye ayodini, wanasubiri kama dakika kumi figo ziichuje, ndipo wanapiga tena wakati dawa inateremka. Zamani tulifanya hivyo hivyo kwa eksirei, IVU, filamu moja baada ya nyingine. Ulipe mara moja kwa kipimo sahihi. Kabla ya dawa hiyo lazima upimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi, na useme kama una mzio au unatumia metformini, dawa ya kisukari.

Mtu wa Rangi Tatu
Mzee shikamoo. Nimerudi leo kwa daktari, nikamweleza habari za malambo. Kanisikiliza, kabadilisha fomu, kaandika na kipimo cha kichocho. Kreatinini imetoka sawa. Napiga Alhamisi. Kuna cha kujiandaa?

Eksirei Mstaafu
Marahaba. Kuhusu kula na kunywa, fuata watakachokuambia hapo hapo. Nenda na majibu ya altrasaundi. Ukimaliza dai CD pamoja na karatasi, maana daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo atataka kuziangalia picha mwenyewe, na bila CD anaweza kukurudisha dirishani.

Kidume wa Tandale
Mzee, kwani mpapai haufai kabisa?

mama_wawili
Wewe kunywa, sisi tutakuchangia CT.