Mrejesho: Charger nimeshaichukua

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa kununua gari lililotumika, Dodge Charger, hapa Houston. Asanteni sana. Mlioniambia niende asubuhi, injini ikiwa ya baridi, maana ikishapata moto inaweza kuficha shida za kuwaka, mmeniokoa: gari la kwanza nilipogusa boneti lilikuwa la moto, muuzaji kashaliwasha kabla sijafika. Nikaondoka.

La pili, toleo la R/T la 2019, injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.7, nguvu farasi 370, lilikuwa baridi kabisa. Fundi alilisikiliza likiwaka, akalinyanyua, akakagua chini: safi.

Nilipokosea ni bima. Mlisema niulize kabla ya kulipa, mimi nikauliza baada. Imevuka bajeti yangu, inaniuma.

Charger ya 1966 ilikuwa na milango miwili. Hii ina minne, wanangu wanakaa vizuri nyuma.