Siti ya umeme ya dereva imekwama: gia ya mtumba, gia ya kukereza au siti ya mkono?

Mkazi wa Nkuhungu
Habari wakuu. Siti ya dereva ni ya umeme. Nikibonyeza swichi mota inalia, siti haisogei. Nimeelezwa njia tatu: kuagiza gia ya mtumba Dar, kukerezewa ya shaba hapahapa Dodoma, au kufunga siti ya mkono. Ipi inadumu?

Grisi Nyeupe
Gari gani, la mwaka gani? Haiendi mbele na nyuma, au haipandi? Imeganda pande zote mbili au mmoja? Bila hayo tutapiga ramli, mkuu.

Fundi Kizota
Mota kulia ni nusu ya jibu: fyuzi, swichi na nyaya zinafanya kazi. Ubovu uko kati ya mota na reli. Siti nyingi za zamani zina mota moja katikati inayozungusha kebo mbili, moja kila upande. Kebo inaingia kwenye kisanduku, ndani kuna chuma chenye mkato wa skrubu kinachosukuma gia ya nailoni. Chomoa kebo kwanza. Ncha yake ya mraba ikiwa imelika hadi kuwa duara, gia haina kosa.

Mama Spea
Mtumba, kaka. Ila chukua reli zote mbili na visanduku na mota kama seti, maana gia za kushoto na kulia mara nyingi hazibadilishani. Ilala watakutafutia ukiwapa picha na namba ya chesisi, mzigo unaupokea stendi ya Nanenane. Kabla hujalipa, muuzaji aunganishe mota na betri ya volti 12, kisha ageuze nyaya irudi. Itembee mwanzo hadi mwisho wa reli.

Mkereza Vyuma
Dada, nailoni ya mtumba ina umri uleule wa ile iliyokufa. Gia ya shaba inachongeka, lakini mpelekee fundi gia na vipande vyake vyote pamoja na chuma kinachoisukuma. Hesabu meno, pima kipenyo cha nje, tundu na unene. Kipenyo gawanya kwa idadi ya meno ukijumlisha mawili: meno 30 na milimita 32 ni moduli 1, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. Meno yakiwa ya mshazari hesabu hiyo ni makadirio tu.

Na kama meno yamelika uso mmoja bila kukatika, na kitovu kinafanana pande zote, igeuze gia. Mlalo wa meno haubadiliki. Hii inafaa zaidi gia ya kupandisha siti, kwa kuwa uzito wa dereva unakula uso wa kupandia.

Mdau wa Chamwino
Si abandike meno kwa gundi ya epoksi tu?

Mkereza Vyuma
Nailoni haishiki gundi. Jino litang'oka siku hiyohiyo.

Grisi Nyeupe
Shaba inahamisha ugonjwa. Reli ikiganda, kitakachofuata ni kebo kukatika au mota kuungua. Anayeua gia ni reli! Grisi iliyokauka ikichanganyika na vumbi letu la kiangazi ni msasa kabisa.

Kuna gari lilifungwa gia mpya mara mbili, zote zikanyolewa meno. Kila aliyelifungua alilaumu ubora wa nailoni. Kumbe reli moja ilikuwa imetangulia mwenzake milimita 15 wakati kebo zinachomekwa. Siti ikakaa mshazari, fremu ikawa inasokotwa kila mota inapozunguka, na mzigo wote ukaangukia gia ya upande uliobana. Osha reli, zikaushe, paka grisi ya lithiamu kidogo. Zirudishe zote hadi mwisho kwa drili ya mwendo wa pole, pima kwa rula pande zote mbili. Zikilingana ndipo uchomeke kebo.

Mama Spea
Vumbi lipo hata Dar.

Mpenda Siti ya Mkono
Mnamchosha. Siti ya mkono ya modeli hiyohiyo inakaa kwenye matundu yaleyale, haina gia ya kulika.

Fundi Kizota
Na kama siti yake ina eabegi ya ubavuni na hiyo ya mkono haina? Taa ya dashibodi itawaka na kinga imepotea. Njia yoyote atakayochagua, atoe waya hasi wa betri, asubiri sekunde 90 au zaidi, ndipo aguse plagi ya njano ya eabegi chini ya siti. Asiwashe swichi ya gari plagi ikiwa nje.

Mkazi wa Nkuhungu
Samahani wakuu, ni Toyota Crown ya 2005, haiendi mbele wala nyuma. Imekwama katikati, boliti za nyuma sizifikii. Kebo ya kushoto nimechomoa, ncha bado ni mraba. Ya kulia haitoki.

Fundi Kizota
Usiivute kwa koleo, utakata ala yake. Weka biti ya mraba kwenye drili, ichomeke palipokuwa na kebo, zungusha chuma cha kisanduku cha kushoto taratibu, mizunguko michache tu. Kikizunguka na reli haisogei, gia imenyolewa. Reli ikijaribu kwenda, simama: anayebana ni kulia.

Mkazi wa Nkuhungu
Drili ninayo ya umeme wa ukutani, haina mwendo wa pole. Itafaa?