Tupeane uzoefu: mchezaji wa kikapu uliyechelewa kumpa heshima yake

Mkesha Hoi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila tukikutana hapa ugomvi ni ule ule, Jordan na LeBron, Kobe na fulani. Leo naomba tuwapumzishe. Tuleteane wachezaji wa kulipwa wanaostahili kutajwa na hawatajwi. Sharti ni moja: usimwage takwimu ukakimbia. Tusimulie ilikuwaje hadi ukamwona.

Naanza mimi. Msimu wa 2009 nilikuwa nakesha na Memphis, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa ajili ya mtu mmoja tu, Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa wa pili kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Najua siko peke yangu. Usiku baada ya usiku namsubiri mtu wetu ainuke benchi, hainuki. Sasa macho hayawezi kukodolea benchi robo nzima, lazima yatafute pa kwenda. Yangu yakaenda kwa yule mwembamba wa mkono wa kushoto anayepandisha mpira, Mike Conley. Hana makeke. Anaingia kati, unadhani mabonge ya watu yaliyomsubiri yatamfuta, kumbe kile kimpira laini kimeshawapita juu ya vidole, tena mara nyingine kakirusha kwa mkono wa kulia. 2011 Thabeet akahamishiwa Houston. Mimi nikabaki Memphis.

Aprili 2015, katikati ya mtoano na Portland, Conley akavunjika mifupa ya uso. Akapasuliwa. Nikajua msimu wetu umekwisha. Siku chache baadaye namwona kwa Golden State, ugenini, kavaa kinyago, jicho limevimba na ni jekundu. Akatia pointi 22, Memphis wakashinda. Golden State hao hao ndio waliokuja kuchukua ubingwa mwaka ule.

All-Star, mechi ya nyota wa ligi, aliitwa 2021. Msimu wake wa 14! Na aliitwa kuziba pengo la Devin Booker aliyekuwa majeruhi.

Dada Pointi

Wangu ni mwanamke, Alyssa Thomas, na kwanza nitubu: mara ya kwanza kumwona nilimcheka.

Anavyorusha mpira si kwa namna tuliyofundishwa. Hakuna kiwiko kunyooka wala kifundo kuvunja juu. Anausukuma kwa mkono mmoja kutoka usawa wa kifua, kama mtu anayetupa kitu juu ya ukuta. Nikasema huyu amefikaje WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani? Halafu nikasoma kwamba mabega yake yote mawili yamechanika lile gegedu linaloshika kiungo, na bado anacheza. Kicheko kikanikauka.

Mimi bega la kulia lilichomoka nikigombea ribaundi, mpira uliokosa kikapu. Kocha wangu wa wakati ule, jina nalihifadhi, aliniambia najidekeza. Nikarudi uwanjani siku ile ile, likachomoka tena. Nikaacha mpira kwa miaka. Kwa hiyo mnielewe ninapomwangalia mtu mwenye mabega mawili mabovu akijipenyeza katikati ya miili, anaanguka, anainuka, analishika bega kidogo, anarudi kukaba.

Fainali ya 2022 Connecticut na Las Vegas, alifikisha tarakimu mbili kwenye pointi, ribaundi na asisti (pasi za kufungia) kwa pamoja. Kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye fainali za WNBA. Mechi iliyofuata akarudia. Ubingwa wakabeba Las Vegas, na habari yake ikaishia hapo.

Kipanga

Shane Battier. Wazee wa takwimu watasema huyu anajulikana. Kwao, labda. Huku mitaani ukimtaja wanauliza "yupi?"

Nilikuwa nabishana na kaka yangu mkubwa ambaye ni mtu wa Kobe damu. Akaniambia Battier hana kasi, haruki, hana lolote. Nikaamua mechi moja nimwangalie Battier peke yake, mpira uende utakako. Jaribuni siku moja, ni kazi ngumu, shingo yenyewe inataka kufuata mpira. Nilichoona: Kobe akiinuka kurusha, Battier hahangaiki kuufuata mpira. Anampelekea kiganja mbele ya macho, basi. Hagusi, kwa hiyo hakuna faulo. Na kabla ya hapo kashamsukumia upande anaochukia kurushia. Kobe anaweza kupata pointi 30 na ukaambiwa kamzidi Battier, ila hesabu amerusha mara ngapi kuzipata.

2008 Houston walishinda mechi 22 mfululizo, huyo akiwemo. Sifa zilikwenda kwa wengine.

Halafu 2013. Mtoano ule akiwa Miami alikuwa amepoteza namba kabisa, mechi ya saba na Indiana hakukanyaga uwanja. Mechi ya saba ya fainali na San Antonio akarusha pointi tatu mara nane, zikaingia sita. Kaka alinipigia simu usiku ule. Hakusema nilikuwa sahihi. Alisema "umemwona mtu wako?"

Mzee wa Robo ya Nne

Andre Miller. Pointi 52 kwa Dallas, Januari 2010, na sidhani kama usiku ule aliruka kimo cha sanduku la viberiti. Asisti zaidi ya 8,500 maisha yake yote, All-Star hakwenda hata mara moja. Mimi ni mzito na napenda kikapu. Uzoefu wangu ndio huo.

Mnara

Jina langu hapa lilianza kama tusi. Shuleni kila mrefu aliitwa hivyo, na ukikosa kikapu wanaangua kicheko kabla mpira haujagusa chini. Kwa hiyo Manute Bol ni wangu, hata kama mnaona ni wa zamani.

Watu wanamkumbuka kama kioja: mita 2.31, miguu kama miwa, amesimama kando ya Muggsy Bogues, mfupi kuliko wote NBA, wapigwe picha. Msimu wake wa kwanza, 1985 hadi 1986, alizuia mipira 397. Alimaliza kazi akiwa na bloku 2,086 na pointi 1,599. Hakuna mwingine NBA aliyezuia kuliko alivyofunga. Fikiria timu pinzani: unampita beki wako, njia nyeupe, unakumbuka yule yupo, unageuza. Zile za kugeuza hakuna anayeziandika popote.

Pesa yake nyingi aliipeleka Sudan kwa watu wake waliokimbia vita. Ilipoisha alikubali hadi kupanda ulingoni kupigana ngumi kwenye televisheni ili apate nyingine. Watu wakacheka tena. Alifariki 2010.

Kipanga

Mnara, ongeza kwamba huyo ndiye aliyekuwa mlezi wa Luol Deng kwenye kikapu, familia ya Deng ilipokuwa ukimbizini Misri. Na Deng naye hatajwi. Misimu miwili mfululizo Chicago aliongoza ligi kwa dakika za kukaa uwanjani, mmojawapo akiwa na kano iliyochanika kifundo cha mkono. Kisha akaenda kuongoza shirikisho la Sudan Kusini, 2024 wakafika Olimpiki na kuwapiga Puerto Rico 90 kwa 79.

Bao la Mkono

Mmemsahau Jrue Holiday.

Mzee wa Robo ya Nne

Holiday ana pete ya ubingwa ya Milwaukee, pete ya Boston na dhahabu mbili za Olimpiki. Huyo si wa uzi huu, mkuu.

Bao la Mkono

Mkuu, pete ni za timu. Aliitwa All-Star 2013, akaja kuitwa tena 2023. Miaka kumi katikati alikuwa wapi, likizo? Turudi fainali ya 2021, mechi ya tano kule Phoenix. Milwaukee wako mbele kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, Booker anaingia na mpira. Nilikuwa nimeshafumba macho. Nafumbua, Holiday kauchomoa mpira mikononi mwa mtu, yuko mbio. Mtu mwenye akili timamu angesubiri wamfanyie faulo. Yeye akautupa juu, mwenzake Giannis akaudanki. Video zote zinamwonyesha Giannis. Rudisheni nyuma sekunde tano.

Mzee wa Robo ya Nne

Sawa, aingie. Ila akae mwisho wa benchi.

Mkesha Hoi

Uzi umenoga. Tony Allen, yule mkabaji wa Memphis, namwacha kwa atakayekuja, nikianza mimi sitalala.

Dada Pointi, hukumalizia. Ulirudi kucheza?

Dada Pointi

Nilirudi. Bega halipandi tena juu ya kichwa, kwa hiyo nasukuma kwa mkono mmoja kama yeye. Wananicheka. Mipira ya adhabu naingiza sita kwa kumi.