Katuni za zamani zikirudishwa kwa HD mbona zinakuwa laini kama zimepakwa mafuta?

mzee_wa_kaseti
Wakuu habari za jioni. Wikiendi niliwawekea watoto The Sword in the Stone, ile katuni ya Disney ya 1963, Blu-ray, nikasema leo wataona katuni yenyewe sasa. Nakaa naangalia naona sura ya yule mchawi Merlin imekuwa laini laini hivi, zile ndevu zilizokuwa na michirizi ya penseli zimegeuka donge la rangi. Mimi hii katuni nimekua nayo kwenye kaseti, chenga kibao, rangi zinavuja, lakini mkono wa mchoraji ulikuwa unauona kabisa. Nimezima kwenye TV ile setingi ya kulainisha mwendo, afadhali kidogo ila mistari haijarudi. Tatizo TV yangu au ndo walivyoitengeneza? Na kama HD iko hivi, hizi za 4K si ndo balaa?

penseli_mbili
TV yako haina kosa mkuu, hiyo diski ya 2013 inajulikana kabisa kwa hilo. Walipitisha programu ya kuondoa chembechembe za filamu, zile punje ndogo ndogo zinazochezacheza kwenye picha ya filamu, wakaikaza mno. Sasa elewa inavyofanya kazi: inalinganisha fremu na fremu, kinachobadilika badilika kila fremu inahesabu ni uchafu inakifuta. Kwa filamu ya waigizaji inaweza kupita, ila katuni ya mkono kila mchoro umechorwa upya kwa hiyo mstari wenyewe unatetemeka, haukai palepale, na programu haijui kutofautisha mtetemo wa mkono na vumbi, ni kama mtu anapeta mchele gizani.

Na inauma zaidi kwa katuni za miaka hiyo hasa. Kuanzia One Hundred and One Dalmatians ya 1961 waliacha kazi ya wale kinamama waliokuwa wanafuatisha mistari kwa wino juu ya karatasi za plastiki zinazoonyesha, wakaanza kunakili penseli ya mchoraji moja kwa moja kwa mashine ya Xerox. Yani ile mikwaruzo unayoiona kwenye ndevu ni penseli yenyewe, hakuna mtu wa wino katikati. Ndo hiyo iliyofutwa 😅

Kijana_wa_Magomeni
Mi naona mnakuza mambo. Hao wachoraji walichora vumbi? Walichora mikwaruzo? Chembechembe zimeletwa na filamu, hazikutoka kwenye meza ya mchoraji, kama wangekuwa na uwezo wa kuziondoa wangeziondoa siku hiyohiyo. Snow White ya 1937 iliskaniwa nzima 1993 kwa 4K, ikasafishwa kwenye kompyuta, ikarudishwa tena kwenye filamu, na hiyo ni kabla hata ya DVD. Kusafisha sio dhambi wakuu.

penseli_mbili
Kijana vumbi nakuachia lote, unywele ulioangukia kwenye plastiki, alama ya kidole, toa. Ila chembechembe ndo zimebeba mstari, ukizing'oa kwa nguvu mstari mwembamba unaondoka nazo. Angalia Cinderella. Toleo la 2012 lilisafishwa hadi mikunjo ya gauni sehemu nyingine haipo, zile za wino wa rangi uliochorwa kwa mkono. Disney wenyewe wakairudia, 2023 ikatoka 4K mpya, na safari hii waliwaita watu wanaochora akiwemo Eric Goldberg aliyesimamia uchoraji wa jini wa Aladdin, mistari imerudi na chembechembe zipo. Kwa hiyo mzee 4K yenyewe haina ubaya wowote, inategemea nani kakaa kwenye kompyuta.

Rangi nazo ni kesi nyingine. Katuni za Technicolor, ule mfumo wa zamani wa filamu za rangi, negativu yake ni nyeusi na nyeupe, kila mchoro unapigwa mara tatu mfululizo kupitia kioo chekundu, kijani na bluu, alafu rangi inapatikana wakati wa kuchapa. Ukiskani leo lazima mtu aamue bluu iwe bluu gani, kompyuta haiwezi kukwambia. Wakikosa kopi nzuri ya zamani ya kulinganisha ndo unaona kila toleo gauni lina rangi yake.

ssj_wa_mbagala
Nyie mnalia na ndevu, sisi wa Dragon Ball Z tulikatwa vichwa 😂😂 lile toleo la Marekani la 2007, katuni imechorwa kwa 4:3, umbo la TV za zamani, wao wakaikata iwe 16:9, ule upana wa TV mpya, ijae skrini, hesabu mwenyewe karibu robo ya picha juu na chini imeenda, mtu nywele zinasimama anageuka Super Saiyan na nywele zenyewe hazipo kwenye skrini!! Na chembechembe wakazifuta vilevile. Na kava wameandika remasta, eti imesafishwa upya

mzee_wa_kaseti
Hahaha poleni wa Mbagala. Nimewaelewa wakuu. Sasa hiyo yangu hakuna namna ya kuiokoa kwenye TV?

penseli_mbili
Kilichofutwa kimefutwa mzee, TV haiwezi kukichora upya. Ila ule ukali wa picha kwenye setingi ushushe hadi chini kabisa, watu huwa wanaupandisha wakidhani mistari itarudi, kumbe unaweka tu ukingo mweupe pembeni ya kila mstari. Na picha ikiwa na mikanda myeusi kushoto na kulia usiivute ijae, iache hivyohivyo.

Kijana_wa_Magomeni
Hapo kwenye mikanda myeusi nakuunga mkono, kwenye chembechembe bado.