Mwanafunzi wa SUZA akae wapi: Mji Mkongwe, Ng'ambo au Tunguu?

Kijana_wa_Tanga aliandika:

Assalaam alaykum, na salamu zangu kwa wakubwa wote wa jukwaa hili. Nimepata nafasi ya kusomea ualimu wa Historia na Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na barua yangu inaonyesha kwamba nitasoma Kampasi Kuu ya Tunguu. Ninazo njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni kuomba dahalia, yaani bweni, ya chuo huko huko Tunguu. Ya pili ni kupanga chumba Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, pamoja na mwenzangu. Na ya tatu, ambayo ndiyo ninayoitamani, ni kupanga Mji Mkongwe, kwa kuwa nakusudia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho uhusu historia ya mji huo. Naomba mnilinganishie kwa upande wa gharama, usafiri na utulivu wa kusoma.

Mwenyeji_Mkunazini alijibu:

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu, na hongera. Mimi nimezaliwa na kukulia Mji Mkongwe, kwa hiyo usinidhanie kuwa nausema vibaya, lakini mji huu wa leo si ule ambao wanafunzi wa TAKILUKI, ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni pale Vuga, waliupangia vyumba bila shida katika miaka ya themanini. Tangu UNESCO ilipouingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hata kabla yake, utalii umekuwa ndio unaopanga bei. Nyumba iliyokuwa ikikaliwa na familia nne sasa ni hoteli, na mwenye nyumba aliyebakiza chumba kimoja cha ziada hukipigia hesabu ya mgeni anayelala usiku mmoja, wala hafikirii mpangaji wa mwaka mzima. Ziko nyumba za wakfu na za serikali ambazo kodi zake ni nafuu, ila wapangaji wake wamo humo miaka mingi na hawatoki, na wakitoka huingia jamaa zao. Ukipata chumba cha bei ya mwanafunzi Shangani au Forodhani, uliza mara mbili kwa nini ni rahisi.

Utulivu upo, tena mkubwa, kwa sababu gari haziingii vichochoroni. Shida ni msimu wa wageni, hasa kuanzia Juni hadi Agosti na tena mwisho wa mwaka, ambapo baa ya paa la jirani inaweza kukunyima usingizi hadi usiku wa manane.

Fundi_Chokaa alijibu:

Naongeza jambo moja ambalo madalali hawalisemi. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazizidi mita tatu hivi. Chumba kinaweza kuwa kirefu kama ukumbi, lakini vitanda viwili ukivipanga sambamba hupati pa kupita, sembuse pa kuweka meza. Wanaotaka kuchangia kodi wapime kwanza.

La pili ni kuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa hupumua, yaani unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka. Ukipigwa saruji juu yake, unyevu na chumvi hubaki ndani, rangi hubambuka, na vitabu vyako vitaota ukungu kabla masika hayajesha. Gusa ukuta kwa kiganja sehemu za chini karibu na sakafu, na uangalie boriti za dari zinapoingia ukutani, kwa kuwa hapo ndipo zinapoanza kuoza. Usikubali kuambiwa kwamba rangi mpya ni dalili ya matengenezo. Sote tuliona tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka na kuua watu wawili, na hilo lilikuwa jengo lililojulikana dunia nzima. Nyumba ya kawaida ya Kiponda au Malindi haina anayeitazama kwa jicho hilo. Tena matengenezo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa hiyo mwenye nyumba akikuahidi kwamba paa litazibwa wiki ijayo, uchukue ahadi hiyo kwa tahadhari.

Dada_Michenzani alijibu:

Mdogo wangu, umesema unataka kuwa karibu na historia. Jumba la Nyaraka liko Kilimani na Maktaba Kuu iko Maisara, na zote mbili hufikika kwa miguu kutoka Kikwajuni au Michenzani huku Ng'ambo. Mwanafunzi wa Historia atakaa na majalada ya Kilimani saa nyingi kuliko atakazokaa akitazama milango ya nakshi. Tena Ng'ambo yenyewe ni historia: majumba haya marefu ninamokaa yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na hadi leo watafiti huja kutuuliza maswali juu yake.

Kwa matumizi ya kila siku, soko la Darajani liko karibu, na urojo wa Vuga hauko mbali siku unapoutamani. Kasoro yake ni maji, kwani ghorofa za juu hazina uhakika wa kuyapata kila siku, na hakuna lifti ya kukupandishia ndoo. Chagua ghorofa ya chini au ya kwanza hata kama kodi imezidi kidogo.

Mwaka_wa_Tatu alijibu:

Kwa heshima zote, naona waliotangulia wanajibu kama watu wa mjini. Masomo yako Tunguu. Ukikaa mjini, kila asubuhi utagombania daladala pamoja na wafanyakazi na wanafunzi wa skuli, na jioni baada ya kipindi cha mwisho gari zinazorudi mjini hupungua. Nauli ya kwenda na kurudi, ikizidishwa kwa siku zote za muhula, hula fedha za kujikimu kimya kimya. Dahalia inakuondolea yote hayo, na kazi za vikundi, ambazo nyingi hufanyika usiku, hazitakupita.

Nakubali kwamba Tunguu ikishafika magharibi hakuna cha kufanya, na chakula hakina uchaguzi mpana. Hilo mimi naliona ni faida, ila najua wenzangu wengi hawakubaliani nami.

Mpitanjia_Jumbi alijibu:

Mbona hakuna anayetaja Mwanakwerekwe, Fuoni au Jumbi? Ziko njiani kati ya mjini na Tunguu, soko la Mwanakwerekwe lina kila kitu, na nyumba ni za kawaida za matofali ambazo vyumba vyake huingia vitanda viwili na meza. Epuka mabondeni tu, kwani masika maji huingia ndani.

Kijana_wa_Tanga aliandika:

Nawashukuru sana. Naelekea kuomba dahalia kwa mwaka wa kwanza, kisha nihamie Kikwajuni nitakapoanza utafiti. Je, mwenye nyumba wa Ng'ambo hukubali kodi ya mwezi mmoja mmoja?

Dada_Michenzani alijibu:

Wengi hutaka ya miezi sita kwa mkupuo, na baadhi ya mwaka mzima, kwa hiyo anza kutafuta fedha zikiwa bado mkononi. Omba mkataba wa maandishi wenye saini ya mwenye nyumba mwenyewe, usitosheke na ya dalali. Kisha uliza kama chumba kina mita yake ya umeme wa Tukuza au mnachangia moja na nyumba nzima, kwa maana pale inapochangiwa, anayepika kwa jiko la umeme na anayewasha taa moja ya kusomea hulipa sawa.

Mwenyeji_Mkunazini alijibu:

Na Ramadhani ikikukuta dahalia, mwanangu, usifuturu peke yako. Panda gari uje mjini kabla ya magharibi. Nyumba yoyote utakayopiga hodi Mkunazini, futari ipo.