Bwana yangu hataki nitupe kitu, nyumba imejaa, nifanye namna gani?

mama_wa_himbi
Bandugu salamu. Muniambie kama ni miye njo niko na shida ama ni bwana yangu. Tuko batu 6 mu nyumba ya mbao hapa Goma, byumba 2 na salo, na bintu bimejaa mpaka mu salo unapita kwa ubavu kama vile uko mu Birere siku ya soko. Chini ya kitanda kuko valizi 3 zenye hazifungukake, radio ya mabuye (ya bateri) yenye ilikufa mbele tuoane, simu 7 zenye haziwakake, miguu ya kiti bila kiti. Kila nikigusa kitu anasema wacha, siku moja itatumika. Siku gani hiyo, miaka 9 sasa!
Juzi siku ya posho (Jumamosi) nikasema basi, nikavuta mufuko moja nyuma ya mulango. Kitenge yangu ya ndoa, ile nilikuwa nachunga kwa siku kubwa, panya imetengeneza materniti ndani. Batoto 4, wekundu kama vidole, hata macho hawajafungua. Nililia, sidanganye.
Mwenye alishapunguza bintu kwake, ilimusaidia kweli? Ama ni mambo ya batu tunaonaka ku simu wenye wako na salo nyeupe na kiti moja.

fundi_ndosho
Pole mama. Kwanza usianze na bintu yake, anza na yako, akikuona unatosha robu zako za zamani hatakuwa na kinywa ya kukatala. Pili zile simu 7 si taka, sisi mafundi tunatoshaka vipande ndani, ekra, spika, pletini, umupeleke mwenyewe kwa fundi auzishe, atajisikia amefanya biashara. Lakini angalia sana, kama kuko yenye bateri imevimba kama mandazi ile isilale mu nyumba ya mbao hata usiku moja, inaweza kuwaka yenyewe, usiitoboe wala usitupe mu mbabula.
Miguu ya kiti peleka ku mbabula 😂

binti_kadutu
Huku Bukavu sisi tulijifunza kwa moto. Nyumba ya mbao imebanana na ingine ya mbao, gari ya kuzima moto haina fasi ya kupita, ikianza kwa jirani unahesabu dakika. Kwetu mulango ya nyuma ilikuwa imefungwa na makarto, nguo za shangazi yangu, matela ya zamani yenye haina mutu, donk usiku ule wote 8 tulitokea ku mulango moja, na kaka yangu mudogo akavunjika mukono mu musongamano. Moto haukufika kwetu, Mungu ni mukubwa. Asubui baba mwenyewe, yeye mwenye alikuwa anakatazaka, njo alianza kutosha makarto bila kusema neno.

maji_ni_shida
Mi nakatala kidogo. Batu banasema tupa tupa, halafu robine ikikauka wiki nzima wanakuja kuniomba bido ya maji. Niko na bido 14 mu korido na hazitoke.

yaya_majengo
Mama wa Himbi, bwana yako ako na miaka ngapi? Naulizia juu ya hii. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 volkano ilipotoka lava ikapita katikati ya muji mpaka ku ziwa, tulikimbia Gisenyi, kule Rwanda, mama amebeba mudogo wangu mugongoni na sufuria moja ku mukono, hata kifuniko hakuna. Kurudi, parseli ilikuwa jiwe nyeusi inatoa moshi. Toka siku ile mama yangu hatupake kitu. Bwate tupu za maziwa anaosha anapanga, kamba, mifuniko, kila kitu. Nilikuwa namukasirikia sana mpaka siku moja nikaelewa kama yeye anapanga ile sufuria yenye kifuniko ilibaki.
Sasa ona 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano usiku mbingu ikakuwa nyekundu tena, na tarehe 27 mbele ya jua kutoka wakasema kartie 10 ku 18 zihame. Batu wote barabarani, ya Sake, ya Rwanda, wengine mu mashua. Na mimi niko ndani natafuta diplome na karte ya elektere, ile ya kupigia kura! Nilifungua mifuko na mifuko, kila fasi mukono unaleta bwate ya maziwa. Tuliondoka bila karte, na unajua hapa kwetu bila ile karte wewe si mutu ku barie yoyote. Tuliporudi nikaikuta mu kitabu ya nyimbo, chini ya matela.
Mama hakukubali kutupa hata kimoja, lakini nikagundua anakubali KUPATIA. Tupa, hapana. Patia mutoto wa dada yako mwenye anaanza nyumba, ndiyo, tena anaosha kwanza. Tulitosha mifuko 5 vile, kila kitu na jina ya mutu yake. Na karte zote sasa ziko mu sakoshi moja, inaning'inia ku musumari karibu ya mulango, hakuna mwenye anaruhusiwa kuigusa.

mama_wa_himbi
Yaya umenifunga kinywa. Ako na 34, 2002 alikuwa mutoto, na kwao pia ilipita lava. Hajawahi kunielezea, ni bukwe, mutu wa kwao, njo amenielezea leo.
Basi jioni nilikaa naye polepole. Valizi 2 zimeenda kwa mudogo wake, radio imebaki (ya baba yake, nimeacha). Simu 6 amekubali zipelekwe kwa fundi, ya 7 amekatala kabisa, ati kuko picha za mutoto wetu wa kwanza siku ya kuzaliwa. Tunatafuta sharjeri yake, ile ya zamani ya kichwa nyembamba kama sindano. Mwenye ako nayo?

maji_ni_shida
Niko nazo 3

fundi_ndosho
😂😂😂

maji_ni_shida
Ziko mu bido ya 9, njoo Katindo kesho mbele ya saa nne.